Inspekta Tindo na Msichana wa Lango la Kambi

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya ingalipo, nchi moja iitwayo Jamhuri ya Shwari, ambayo raia wake hawakuwa na shida yoyote isipokuwa zile walizokuwa nazo. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta uhalifu, na kwa kuwa sheria ilipita bila kupingwa, uhalifu ukawa umefutika. Mtu akikutwa amekufa na kisu mgongoni, daktari wa serikali aliandika kwamba marehemu alikuwa mzembe. Polisi, kwa kukosa kazi, walipewa jukumu la kusimamisha magari ili wakubwa wapite, na kazi hiyo waliifanya kwa moyo wote.

Lakini binadamu akikaa muda mrefu bila kuambiwa kwamba kuna wauaji, huanza kuwaona kila mahali. Kwa hiyo Televisheni ya Taifa, ambayo ilikuwa televisheni pekee na kwa sababu hiyo bora kuliko zote, ilionyesha kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari tamthilia iitwayo *Inspekta Tindo*. Humo watu waliuawa kwelikweli, wauaji walitafutwa kwelikweli, na walikamatwa kabla ya matangazo ya sabuni.

Aliyeigiza kama Inspekta Tindo aliitwa Sudi Mapande. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu kama mlingoti, mwenye sauti nzito iliyotokea tumboni. Maishani mwake hakuwahi kukamata hata kuku. Hata hivyo trafiki walimpigia saluti barabarani, na akina mama sokoni walimvuta kando na kumwomba awaulize waume zao walikokuwa juzi. Mwanzoni Sudi alikuwa akicheka na kusema, "Jamani, mimi ni mwigizaji tu." Baadaye akaacha kusema. Saluti ni kitu kitamu, na yeye hakuwa malaika.

Mwaka ule mwandishi wa tamthilia, mwanamke mmoja mwembamba aitwaye Leonida Kabwere, alileta kisa kipya. Msichana anayeuza chapati na maharage kwenye lango la kambi ya jeshi anakutwa amekufa ndani ya mtaro nyuma ya kambi. Inspekta Tindo anaanza kuchunguza, na mwisho wa yote muuaji anakuwa afisa mmoja, Kapteni Radi, ambaye msichana alimkataa.

"Hiki umekitoa wapi?" Sudi alimuuliza.

"Kichwani," Leonida akajibu, kisha akageuka kutazama dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu.

Sehemu ya kwanza ikarushwa. Inspekta Tindo alichuchumaa mtaroni, akaukunjua mkono wa marehemu, na ndani ya kiganja akakuta kifungo cha shaba chenye nembo ya mwewe. Kamera ikakikaribia kifungo kile hadi kikajaza kioo chote. Nchi nzima ikanyamaza. Inasemekana hata watoto wachanga waliacha kulia, ila hilo siwezi kulithibitisha.

Kesho yake asubuhi Leonida Kabwere alialikwa kwenye semina. Hakuna aliyejua semina hiyo ilihusu nini, wala ilifanyikia wapi, wala ingekwisha lini. Kwenye kiti chake aliketi mtu mwingine kabisa, kifua kimejaa medali: Kanali Ngwangwa, aliyejitambulisha kuwa Mshauri wa Uhalisia kutoka Makao Makuu ya Jeshi.

"Ndugu wasanii," alisema, huku wote wamesimama, "Jeshi linapenda sanaa. Gwaride ni nini kama si sanaa? Sikuja hapa kuzuia kitu. Nimekuja kuongeza ukweli, maana nimeona umepungua. Tuanze na hiki kifungo."

"Ni cha koti la afisa, mheshimiwa," mwongozaji akasema kwa unyenyekevu.

"Afisa wa Shwari hapotezi kifungo. Kupoteza kifungo ni kosa, na mwaka huu hakuna afisa aliyeshtakiwa kwa kosa hilo. Kwa hiyo hakuna kifungo kilichopotea. Kwa hiyo hicho si kifungo."

"Lakini watazamaji wamekwisha kukiona."

Kanali akamtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyejijua. "Watazamaji wameona kitu cha mviringo. Wiki ijayo itabainika kwamba kilikuwa biskuti."

Ikawa hivyo. Sehemu ya pili Inspekta Tindo aliipeleka biskuti maabara. Sehemu ya tatu kambi ya jeshi iligeuka kuwa kiwanda cha biskuti, ingawa walinzi wake waliendelea kuvaa kofia za chuma. Naye Kapteni Radi, ambaye Leonida alimwandika kuwa muuaji, akageuzwa kuwa shujaa mpenda haki aliyekuwa akipita tu karibu na kiwanda akaamua kuusaidia upelelezi.

Aliyeigiza kama kapteni huyo alikuwa Mbarouk Tunutu, rafiki wa Sudi tangu enzi za kuzunguka na kikundi cha maigizo mikoani, walipokuwa wakilala chumba kimoja na kupokezana suti moja. Mbarouk alikuwa mfupi, mnene, mwenye mashavu ya mtu anayetaka kucheka. Alifuga njiwa na aliwajua kwa majina. Siku moja alizimia studio baada ya kuona tomato sosi kwenye shati la mtu. Ndiyo maana alipenda kuigiza watu wakali. Alisema kwamba ni mapumziko.

Ilipofika siku ya kumhoji Kapteni Radi, Kanali Ngwangwa alisimamisha kazi.

"Huyu polisi ameketi, na afisa wa jeshi amesimama. Picha gani hii?"

"Inspekta anamhoji, mheshimiwa."

"Amhoji akiwa amesimama."

Sudi akasimama, Mbarouk akaketi.

"Na anamuuliza maswali," Kanali akaendelea. "Raia hamuulizi mwanajeshi maswali. Swali ni amri iliyojificha. Geuzeni."

Wakageuza. Katika sehemu ile, iliyosifiwa sana na magazeti, Inspekta Tindo alihojiwa na Kapteni Radi kuhusu mauaji aliyokuwa anayachunguza yeye mwenyewe, akatetemeka, na mwisho akakiri kwamba aliwahi kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa. Kapteni alimsamehe. Walipomaliza, Mbarouk alimvuta Sudi nyuma ya pazia akamnong'oneza, "Ndugu yangu, nisamehe. Nilipokufokea pale niliona aibu hadi vidole vya miguu vilijikunja ndani ya buti."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Bado walikuwa wanaona kwamba ni jambo la kuchekesha.

Siku iliyofuata, wakati wa chai, mlinzi wa geti la studio alikuja kumwambia Sudi kuna mama anamtafuta Inspekta. Sudi akatoka akiwa bado na koti lake la upelelezi. Alimkuta mwanamke wa umri kama wake, amejitanda kanga iliyofifia, ameketi kwenye ukingo wa bustani. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba... hapana, mama, usiniamkie. Sisi ni rika moja. Na mimi si Inspekta."

"Najua, baba," yule mwanamke akasema. "Sina wazimu. Naitwa Siwema. Msichana wa chapati ni mwanangu. Anaitwa Zawena."

Sudi akamwonyesha aketi tena.

Siwema akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza kwenye meza nyingi. Zawena alikuwa akiuza chapati kwenye lango la Kambi ya Mwewe. Afisa mmoja, Kapteni Kaniki, alikuwa akija kila siku. Hanunui chapati, anasimama tu na kumtazama. Zawena akamwambia ana mchumba. Jioni moja wauzaji wenzake walimwona akipandishwa kwenye gari la jeshi, kapteni mwenyewe akiwa nyuma ya usukani. Walimkuta mtaroni, amenyongwa.

"Nilikwenda polisi," Siwema akasema. "Mkuu wa kituo ni mtu mpole, alinipa kiti. Akaniambia, 'Mama, suala hili linashughulikiwa na Inspekta Tindo. Tazama Alhamisi.' Nikamwambia ile ni tamthilia. Akaniambia, 'Hata hivyo, hatuwezi kuwa na upelelezi wa aina mbili, tutaingiliana. Subiri mwisho wa tamthilia.' Basi nikasubiri. Nikaona kifungo. Baba, ile Alhamisi ya kwanza nilikulilia wewe kama ndugu yangu. Hakuna hata polisi mmoja aliyeshuka kwenye mtaro ule. Walimtazama kutoka juu. Ni wewe tu uliyeshuka."

"Ulikuwa mtaro wa mbao, mama. Tuliutengeneza humu ndani."

"Lakini ulishuka."

Sudi alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya Inspekta Tindo, vilivyong'arishwa na mtu aliyelipwa kufanya hivyo.

"Unataka nifanye nini?"

"Siombi wamfunge. Hilo nimeshalijua. Mtamke tu mwanangu kwa jina lake, watu wasikie. Na useme aliyemuua ni mwanajeshi. Sasa hivi mtaani watoto wanaimba wimbo wa biskuti, na mwanangu yuko kaburini."

Sudi alimwahidi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alimwahidi, na jibu alilolipata halikumpendeza: alikuwa amevaa koti.

Mpango wa mwisho wa tamthilia ulikwishaandaliwa. Kwa heshima ya Siku ya Majeshi, sehemu ya mwisho ingerushwa moja kwa moja kutoka Ukumbi wa Ushindi, mbele ya majenerali na wake zao. Inspekta Tindo angetangaza kwamba msichana aliteleza kwenye ganda la ndizi lililotupwa na maadui wa taifa. Kisha Kapteni Radi angepanda jukwaani kuvishwa nishani, na anayemvisha angekuwa Mkuu wa Majeshi mwenyewe, Mkuu wa kweli, kwa nishani ya kweli.

Sudi alimweleza Mbarouk siri yake kwenye banda la njiwa, mahali ambapo hata mwenye masikio makali angesikia mlio wa ndege tu.

Mbarouk alikuwa na njiwa mmoja begani. "Watakuua," akasema.

"Pengine."

"Na mimi nitakuwa nimesimama wapi?"

"Pembeni yangu, kama ilivyoandikwa. Hujui lolote. Ukiulizwa, umeshangaa kama wengine."

"Kushangaa naweza," Mbarouk akasema. "Nimesifiwa kwa kushangaa mara nyingi." Akamshusha njiwa, akafuta mikono kwenye suruali, akamkumbatia rafiki yake. "Basi sema. Mimi sina moyo huo, lakini sitaki kuwa mtu aliyekuzuia."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa kofia zenye dhahabu. Kanali Ngwangwa alifungua kwa hotuba iliyomwelezea askari wa Shwari kuwa ni mama wa taifa, baba wa taifa, na wakati wa mvua, mwavuli wa taifa. Taa zikazimwa, tamthilia ikaanza. Nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni, na Siwema alikuwa kwa jirani yake, kwa kuwa televisheni yake mwenyewe alikwishaiuza.

Sudi alisogea mbele ya jukwaa. Alitakiwa kusema, "Wananchi, ganda la ndizi ni kitu kidogo." Badala yake alivua kofia.

"Wananchi," alisema, na sauti yake ikafika hadi viti vya nyuma, "yule msichana anaitwa Zawena binti Siwema. Alikuwa akiuza chapati kwenye lango la Kambi ya Mwewe. Si kiwanda. Ni kambi ya jeshi. Hakuteleza. Alipandishwa gari, akanyongwa, akatupwa. Na aliyemuua ni kapteni..."

Hapo mpiga picha, kijana mwaminifu aliyefundishwa kwamba likitajwa jina la mhusika kamera imwendee, alisikia neno "kapteni" akageuza kamera kwa kapteni pekee aliyekuwepo jukwaani. Kote nchini, kwenye kila kioo, ikajaa sura ya Mbarouk Tunutu, macho yametoka, mdomo wazi, jasho likimtiririka kwenye mashavu. Alikuwa anashangaa, kama walivyokubaliana. Kilichoonekana ni sura ya mtu aliyekamatwa.

Kisha mitambo ikakatwa. Sudi alilitamka jina la Kaniki, lakini lilimezwa na bendi ya jeshi iliyoonyeshwa mahali pake, ikipiga wimbo wa mavuno.

Pale jukwaani Sudi alikunja mikono nyuma akangoja. Wanaume wenye miwani myeusi walipanda ngazi wakimjia. Akafumba macho. Wakampita. Mmoja wao akagusa kofia kwa heshima na kusema, "Samahani, Inspekta, tunapita. Tukusaidie kazi kidogo, afande." Alipofumbua macho, Mbarouk alikuwa tayari ameshikwa mikono, anaburutwa kuelekea mlango wa nyuma, kofia yake ya kapteni imemwanguka.

"Si yeye!" Sudi akapiga kelele. "Huyo ni mwigizaji! Si yeye!"

Majenerali wakasimama wakapiga makofi. Wake zao walilia. Hawakuwahi kuona mwisho mzuri kama ule.

Kesho yake Makao Makuu yalitoa tamko. Jeshi la Shwari, lilisema, halina mkubwa wala mdogo mbele ya haki. Baada ya uchunguzi wa kina uliofanywa na Inspekta Tindo, Kapteni Radi amevuliwa cheo, amefukuzwa jeshini, na amefikishwa mahakamani. Mabalozi wa nchi rafiki walituma pongezi. Mmoja wao alisema kwamba si mataifa mengi yana ujasiri wa kumshtaki afisa wake hadharani.

Kanali Ngwangwa alimtembelea Sudi na shada la maua. "Nilikukasirikia kwa dakika moja hivi," alikiri. "Kisha nikaelewa. Wewe ni msanii kuliko mimi. Ganda la ndizi lilikuwa dhaifu. Watu walitaka damu, na sasa wameipata, na haikutoka kwetu."

"Muuaji ni Kapteni Kaniki."

"Kaniki?" Kanali akafikiri. "Huyo hayumo kwenye tamthilia."

Kesi ilisikilizwa haraka, maana watu walishaijua. Vielelezo vilikuwa magwanda ya studio na mkanda wa sehemu ya mwisho. Mwendesha mashtaka alimwita shahidi namba moja, Inspekta Tindo. Sudi alikuja amevaa kanzu yake ya nyumbani ili asifanane na mtu yeyote.

"Mimi si Inspekta," alisema. "Na yule pale si kapteni. Ni Mbarouk Tunutu. Anafuga njiwa. Hajawahi kuliona lango la Kambi ya Mwewe."

"Shahidi," mwendesha mashtaka akasema, "ulisema au hukusema, mbele ya taifa zima, kwamba aliyemuua ni kapteni?"

"Nilisema, lakini..."

"Asante, Inspekta."

Mbarouk alipopewa nafasi alishika ukuta wa kizimba kwa mikono miwili. "Mheshimiwa hakimu, mimi ni mwigizaji."

"Mahakama inaandika kwamba mshtakiwa amekiri kuwa na mazoea ya kujifanya mtu mwingine," hakimu akasema. "Endelea."

Kisha akaitwa Siwema, na huyu hakuna aliyemtarajia kusumbua, kwa sababu ni yeye aliyetafutiwa haki. Alimtazama Mbarouk kwa muda mrefu.

"Siye huyu," akasema. "Huyu simjui. Mwacheni aende nyumbani kwake. Aliyemuua mwanangu ni..."

"Mama," hakimu akamkatiza kwa upole, "siku ile ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi. Wewe hukuwepo, na nchi nzima ilimwona kwa macho yake. Uchungu umekuchanganya. Mahakama inakupa pole."

Mbarouk alihukumiwa kifungo cha maisha. Watu walishangilia barabarani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walilala wakiamini kwamba nchi yao ina sheria. Nje ya mahakama Siwema alimkuta Sudi amekaa kwenye ngazi.

"Ulimtaja," akamwambia. "Hilo nimelisikia. Nilikaa kwa jirani nikasikia jina la mwanangu likitoka kwenye televisheni."

"Mama Zawena, nimemwangamiza mtu."

Siwema hakukataa. Aliketi kando yake kidogo, wakatazama umati ukicheza, kisha akasema lazima aende, kwa sababu walikuwa wamemwandalia hafla ya kushukuru, na gari la serikali lilikuwa linamsubiri, na waliokuja kumchukua hawakuwa watu wa kukataliwa.

Sudi aliandika kuacha kazi. Akajibiwa kwamba Inspekta wa Taifa haachi kazi. Hustaafu kwa kufa. Tamthilia ikaendelea. Kwa kuwa nafasi ya Kapteni ilikuwa wazi na Mshauri wa Uhalisia hakutaka tena raia wavae magwanda, Jeshi lilileta afisa wa kweli kuigiza. Alikuwa kijana mtanashati, mpole wa maneno, mikono yake safi. Siku ya kwanza alimpa Sudi mkono.

"Kapteni Kaniki," akajitambulisha. "Nimefurahi sana, mwalimu. Nyumbani tunakutazama wote. Utanielekeza, maana mimi uigizaji sijui."

Sudi aliutazama mkono ule hadi mwongozaji akamkoholea. Akaushika.

Mwezi wa tatu baada ya hukumu Sudi aliruhusiwa kwenda kumwona Mbarouk gerezani. Walikaa meza moja, askari magereza mmoja amesimama karibu. Mbarouk alikuwa amekonda, mashavu yamemwisha. Aliuliza habari za njiwa, akaambiwa wazima, ingawa mkewe alishawaacha waende zao. Hakuuliza ni nani aliyechukua nafasi yake, na Sudi hakumwambia.

"Nitakata rufaa," Mbarouk akasema. "Lakini nina tatizo, ndugu yangu, na wewe ndiye unayeweza kunisaidia. Kila nikisema sikuua, wananipigia makofi. Wafungwa wanapiga, mkuu wa gereza anapiga. Juzi kasisi alilia akaniomba nirudie. Nimejaribu kusema kwa sauti ndogo, wakasema ndiyo nzuri zaidi. Nifundishe. Ni vipi mtu anasema sikuua ikaonekana kwamba hakuua?"

Sudi hakujua. Alikuwa amefundisha watu kulia, kufa, na kuogopa, lakini hilo hakuwahi kufundishwa wala kulifikiria.

"Sema kama unavyosema siku zote," akamwambia. "Usifanye kitu."

Mbarouk aliweka mikono yake mezani. Akamtazama rafiki yake, bila ishara, bila kupandisha sauti. "Sikuua," akasema. "Mimi sikumuua yule mtoto."

Nyuma yao askari magereza alivuta kamasi, akaegemeza bunduki ukutani apate kuwa na mikono miwili, akaanza kupiga makofi.